Sauti ya Uvira

Émérence aliizoea sauti ya yule mwanamke kabla hajaanza kuichukia.

Ulikuwa mwaka ule utawala wa chama kimoja ulipofika mwisho na watu wa Zaire wakaambiwa kwamba sasa wanaweza kusema. Kalemie ilisema kwelikweli. Wanaume walivaa tena kravati zilizokuwa zimelala chini ya masanduku miaka mingi. Aliyeitwa sitwayeni, yaani raia, jana, leo aliitwa bwana. Majina ya ubatizo, yaliyokuwa yakitamkwa nyumbani na kanisani tu, yalirudi ofisini na shuleni. Émérence mwenyewe, aliyefundisha darasa la tatu kwa masista, alipoitwa kwa jina lake la ubatizo mbele ya mkuu wa shule aliona haya kidogo, kama mtu aliyevaa gauni jipya siku ya kazi.

Lakini mahali watu waliposema kuliko pote palikuwa kwenye foni ya Basile.

Basile alikuwa mchumba wake. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye depo ya mfanyabiashara mmoja wa samaki na unga, nyuma ya bandari, mbele ya redio kubwa ya rangi ya majivu ambayo mji mzima uliiita foni. Simu za posta zilikuwa zimekufa zamani. Mtu akitaka kujua kama wale samaki wadogo, ndagala, wamepanda bei Uvira, kama boti imetoka Moba, kama shangazi yake wa Manono amepona, alikwenda kwa Basile. Basile alishika mikro, akabonyeza kitufe, akaita mji, akaachia kitufe, akangoja. Alikuwa na sauti ya utulivu, mikono mirefu, na tabia ya kufumba macho anaposikiliza. Émérence alimpendea yale macho kwanza. Aliwaza: mwanamume anayesikiliza hivi habari za samaki, mimi atanisikiliza namna gani?

Alasiri, shughuli za biashara zikiisha, wenye foni wa miji ile hawakuzima mitambo yao. Hakuna aliyepanga. Siku moja Uvira iliuliza kama huku Kalemie nako vyama vimezaliwa kama uyoga, Basile akajibu, Moba akaingia, Manono naye akaingia, kesho yake wakaendelea. Ikawa desturi. Watu walileta viti vyao vya mbao kwenye barza ya depo, wachukuzi wa bandarini wakakaa juu ya magunia, na wote wakasikiliza miji ikibishana hewani. Walibishania vyama, walibishania mahari, walibishania ile mashine iitwayo kompyuta ambayo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameiona. Na kwenye foni huwezi kumkatiza mtu. Anayebonyeza kitufe anasema, mwingine hana budi kusikiliza mpaka asikie neno "kwako".

Sauti ya Uvira ilikuwa ya mwanamke aliyeitwa Dorothée, mwenye foni wa kampuni ya malori. Ilikuwa sauti nzito, ya kukwaruza kidogo, yenye kicheko kilichojificha mwishoni mwa kila sentensi.

"Hiyo kompyuta itafanya kazi ya makarani kumi," alisema siku moja. "Hata wewe, Basile, itakutoa kwenye kiti. Kwako."

"Mashine itajua kumwambia mutu kwamba mama yake amekufa?" alijibu Basile. "Itajua kungoja kidogo kwanza? Kwako, Uvira."

Barza nzima ilipiga makofi. Émérence, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliona fahari ikimpanda kifuani. Huyu wangu, alijiambia.

Fahari hiyo iliharibiwa na Denise, mwalimu mwenzake, walipokuwa wakirudi shuleni kutoka sokoni.

"Mchumba wako na yule dada wa Uvira wanagombana vizuri," alisema Denise.

"Ni mabishano tu."

"Mimi na bwana yangu tuligombana hivyohivyo, kabla hajanioa." Denise alicheka, akanunua ndizi, akasahau alichosema.

Émérence hakusahau. Tangu siku ile alisikiliza kwa masikio mengine. Aliona kwamba Basile alipomjibu Moba alikaa nyuma kwenye kiti, lakini alipomjibu Uvira aliinama mbele, karibu midomo yake iguse mikro. Aliona kwamba shati lake la alasiri lilikuwa limepigwa pasi. Usingizini alimwona yule mwanamke, leo mrefu mwembamba, kesho mfupi mwenye mwanya na mashavu ya kujaa. Akaanza kuchana nywele zake upya kila alipokwenda kwenye depo, naye alijua kabisa kwamba anakwenda kushindana na mtu asiyeonekana. Asubuhi moja, akichemsha maji jikoni, alijaribu kuikwaruza sauti yake ili iwe nzito kidogo, na mama yake, Mama Élisabeth, akamuuliza kama ameshikwa na mafua.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa kiti cha Mama Léonie.

Mama Léonie alikuwa mama yake Basile, mjane, Mubembe wa Baraka aliyeshuka na ziwa kuuza samaki wakavu na kulea watoto katika imani ya Kiprotestanti. Nyumbani kwa Émérence walikuwa Wakatoliki, Watabwa wa milimani Moba. Kwa muda mrefu wazee wa pande zote mbili walikuwa wametazamana kama watu wanaogombania shamba moja. Sasa mambo yalikuwa yameanza kulainika. Papa Évariste, baba yake Émérence, mzee wa reli aliyestaafu, alikuwa amekubali kwamba Jumapili iliyokuwa inakuja wajomba wa Basile waje kusema mambo ya mahari. Lakini siku Dorothée alipomsalimia Mama Léonie kwa Kibembe kupitia foni, yule mama alishika kifua chake, akavuta kiti chake kutoka barzani, akakiweka ndani, karibu na mtambo.

"Mutoto wa kwetu," alisema, bila kumtazama Émérence. "Mutu anasikia tu namna anavyoamkia, anajua alivyolelewa."

*

Siku ya Alhamisi mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, ikakatika ghafla alasiri, na ziwa likabaki jeupe kama maziwa. Barza ilijaa. Émérence alikuja na madaftari ya wanafunzi mkononi, akakaa mahali pake pa mlangoni. Basile alimpungia mkono, akatabasamu, akaita.

"Uvira, Uvira, Kalemie anakusikia. Leo uko na neno gani? Kwako."

"Niko na neno la wanawake wenye ndoa," ilisema sauti. "Sheria ya jamaa inasema mwanamuke mwenye bwana hawezi kushika kazi bila ruhusa ya bwana yake. Hawezi kutia sahihi bila yeye. Sasa kila mutu anaimba demokrasia. Nauliza wanaume wa Kalemie: hii demokrasia inaishia kwenye mulango wa nyumba? Kwako."

Wanaume kwenye magunia walicheka na kunong'ona. Basile aliinama mbele.

"Dorothée, nyumba si chama. Nyumba yenye wakubwa wawili itaenda wapi? Mimi nikioa, bibi yangu akitaka kazi ataniuliza, nami nitaangalia. Kama kazi inaharibu nyumba, nitamwambia aache. Si ubaya, hiyo njo mapatano. Kwako, Uvira."

Nikioa. Bibi yangu. Vichwa kadhaa vya barzani viligeuka taratibu kumtazama mwalimu aliyekaa mlangoni na madaftari yake. Uso wa Émérence ulipata moto. Mwaka mzima walikuwa wachumba, na Basile hakuwahi kumgusia kama atafundisha baada ya ndoa au hatafundisha. Leo amelisikia pamoja na wachukuzi.

"Basi nikuulize," ilisema sauti ya Uvira, polepole. "Wewe ukitaka kazi, utamuuliza bibi yako? Na kama hii kazi ya foni inaharibu nyumba, akikuambia uache, utaacha? Kwako."

Basile alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu mpaka Manono akaingilia kuuliza kama Kalemie amekatika. Halafu alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyekutwa, kicheko ambacho Émérence hakuwahi kukisikia.

"Umenishinda," alisema. "Sina jibu. Ruhusa kama ni nzuri, basi iwe ya wote wawili. Moba, Manono, mumesikia: leo Kalemie ameshindwa. Kwako, Dorothée."

"Wewe njo mwanamume wa kwanza kusema hivyo kwenye hewa hii," ilijibu sauti, na safari hii kicheko hakikujificha. "Leo nitalala vizuri."

Mama Léonie alitikisa kichwa kwa furaha. Watu walipiga makofi. Émérence alisimama, akabana madaftari kifuani, akatoka bila kuaga. Maneno aliyoyataka maisha yake yote yalikuwa yamesemwa, na mchumba wake, kwa sauti tamu, mbele ya miji minne. Yalikuwa yamesemwa kwa mwanamke mwingine.

*

Basile alimfikia kwenye njia ya kando ya ziwa, akihema. Alikuwa amefunga depo haraka. Funguo zilikuwa bado mkononi.

"Umetoka bila kuniaga."

"Ulikuwa na mugeni."

"Émérence, ni foni. Ni maneno tu."

"Ni maneno, njo maana." Alisimama. Mawimbi madogo yalikuwa yakilamba mchanga, na mwanamke mmoja aliyekuwa anasuuza masufuria aliinua uso kuwatazama, akauinamisha tena kwa heshima. "Hujaniuliza hata siku moja kama nitaendelea na kazi yangu. Leo nimesikia jibu pamoja na wabeba magunia."

"Lakini mwisho nilikubali. Nilisema iwe ya wote wawili. Si njo unavyotaka?"

"Ulimukubalia yeye."

Basile alizungusha funguo mkononi.

"Mimi ulinikubalia lini?" aliendelea Émérence, na sauti yake ikaanza kutetemeka, akaichukia kwa kutetemeka. "Na kunikatalia, ulinikatalia lini? Nikisema ndoa iwe ya misa, wewe mutoto wa Waprotestanti, unasema sawa. Nikisema tukae upande wa kilimani, sawa. Nikisema shati hili halikupendezi, sawa, unalivua. Nilikuwa nafikiri ni mapendo."

"Ni mapendo."

"Ni adabu, Basile. Adabu unawapa hata wateja. Yeye unampa kichwa chako. Unainama, unawaza, unakasirika, unashindwa, unacheka. Kile kicheko cha leo ulikitoa wapi? Mimi sijakisikia."

Basile alimtazama kwa macho ya mtu aliyeonyeshwa jeraha lake mwenyewe. Alitaka kumshika mkono. Alivuta mkono nyuma.

"Naogopa," alisema hatimaye. "Kila nikiingia kwenu napima maneno. Baba yako ananiangalia kama treni iliyochelewa. Nasema moyoni, nikikosea neno moja atasema: munaona, ni mutu wa Baraka. Nami nitakukosa. Kwa Dorothée sina cha kukosa, kwa hiyo nasema ninavyofikiri."

"Basi unamupa yote kwa sababu hakugharimu kitu."

"Sikusema hivyo."

"Unamupenda?"

"Sijawahi kumuona."

"Sikukuuliza kama umemuona."

Kama angesema hapana palepale, Émérence angeangua kilio na kumsamehe, na huenda wangeishi hivyo, yeye akisema na Basile akiitikia sawa. Lakini Basile alinyamaza. Alifumba macho, kama anavyofumba anapotaka kusikia sauti ya mbali kupitia mikwaruzo. Na Émérence, alipoona yale macho yaliyofumbwa ambayo ndiyo aliyoyapenda kwanza, aligeuka akaenda zake nyumbani, na safari hii hakufuatwa.

*

Papa Évariste hakuhitaji kuambiwa. Kalemie nzima ilikuwa imesikia foni.

"Nilisema tangu mwanzo," alianza, akikunja gazeti kuukuu alilokuwa analisoma tena na tena. "Watu wa kaskazini wanatafutana wenyewe kwa wenyewe. Ziwa linawapeleka, ziwa linawarudisha. Wale wajomba wasije Jumapili. Nitatuma neno."

"Papa, usitume neno."

"Anakuaibisha kwa mwanamuke wa redio na wewe unamtetea?"

"Simtetei." Émérence alikuwa anapasi kitenge ambacho hakikuhitaji pasi. "Nimemkasirikia kuliko wewe. Lakini hasira hii ni yangu, Papa. Ukiichukua wewe, itakuwa habari ya makabila na makanisa, na mimi sitajua tena nilichokuwa nakilia."

Mzee alifungua gazeti tena. Hakutuma neno.

Ijumaa Basile hakuja. Alasiri Émérence alibaki darasani akisahihisha, na kila upepo ulipogeuka alidhani anasikia mikwaruzo ya foni kutoka bandarini, ingawa kutoka shuleni mpaka depo palikuwa mbali mno kwa sikio lolote. Je, wanabishana sasa? Wanabishania nini? Amemwambia kwamba mchumba wake amekasirika, na yule amecheka kwa ile sauti yake ya kukwaruza? Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akimeza unachoma, akinyamaza unachoma. Kabla jua halijashuka alikuwa ameamua.

*

Jumamosi barza ilikuwa imejaa kuliko siku zote, maana mji mdogo unajua kunusa. Émérence alipanda ngazi akiwa amevaa kitenge cha buluu, nywele zimesukwa upya. Watu walimpisha. Mama Léonie alikuwa kwenye kiti chake ndani. Basile, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alisimama.

"Nipe mikro," alisema Émérence.

"Nilitaka kuja kwenu leo. Nilikuwa na—"

"Nipe mikro, Basile. Utasema mwisho."

Mama Léonie alianza kusema kwamba mtambo si wa kuchezea. Basile alimwonyesha Émérence kitufe, akarudi nyuma hatua, akakaa juu ya gunia kama mchukuzi.

Chuma kilikuwa baridi mkononi. Alibonyeza.

"Uvira, Uvira. Hapa ni Kalemie. Si Basile. Ni Émérence, mchumba wake. Dorothée, uko unanisikia? Kwako."

Mikwaruzo. Kisha ile sauti, bila kicheko.

"Nakusikia vizuri, Émérence. Kwako."

Alikuwa ametayarisha maneno mengi njiani, makali, ya kumfanya yule mwanamke aombe radhi. Yote yalimtoka. Lilibaki moja tu.

"Unamupenda? Kwako."

Moba, ambaye hakosi la kusema, alinyamaza. Huko mbali, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa, mtu alikuwa ameweka kidole juu ya kitufe bila kukibonyeza.

"Nilijua siku moja utashika mikro," ilisema sauti. "Sitakudanganya, na watu wote wanasikia. Ile saa ya alasiri njo niliyokuwa naingoja siku nzima. Alisema tangu mwanzo kwamba ana mchumba, hakuficha. Nilijiambia nabishana siasa. Lakini mutu hachani nywele zake kwa ajili ya siasa, Émérence, na kwenye foni hakuna anayeona nywele. Jibu lako njo hilo. Ndiyo. Kwako."

Émérence alibaki ameshika mikro. Alikuja kupigana na mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kicheko cha ushindi. Aliyemkuta alikuwa mtu aliyechana nywele mbele ya kioo, kama yeye, kwa ajili ya mwanamume yuleyule. Alinyoosha mkono, akampa Basile mikro, akasogea ukutani.

Basile hakukaa kwenye kiti. Alisema akiwa amesimama.

"Uvira, hapa ni Basile. Nimesikia." Aliishika mikro kwa mikono miwili. "Nitasema kweli na mimi. Nilikuwa najua. Si kila siku, lakini siku nyingine nilijua, nikajifanya sijui, kwa sababu ilikuwa tamu. Hapo nilikukosea wewe, na nilimukosea zaidi mutu aliyekuwa anakaa hapa mlangoni akinisikiliza. Juzi aliniuliza swali nikanyamaza. Jibu ni hili: nilipenda namna nilivyokuwa nikibishana na wewe. Mutu ninayetaka kuwa hivyo naye ni Émérence. Kuanzia leo, Uvira nitaiita kwa kazi. Kazi ikiisha, nitazima. Kwako."

Mikwaruzo ilikuwa mirefu.

"Nimepokea, Kalemie," ilisema sauti ya kukwaruza, na kila mtu alisikia jinsi ilivyojikaza. "Émérence, umwangalie. Hajui kushindwa vibaya, na wanaume wa hivyo ni wachache. Uvira anafunga."

Kulikuwa na mlio mdogo, kisha hewa tupu.

Hakuna aliyepiga makofi. Émérence alikuwa ametegemea furaha, lakini kilichomjia kilikuwa huruma nzito na, chini ya huruma, ule wivu bado, umepungua, haujafa. Mama Léonie alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akainuka, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Mumemuvunjia heshima mutoto wa watu mbele ya dunia nzima." Akatoka, akapita karibu na Émérence bila kumwona.

*

Walitembea pamoja kuelekea kwa Papa Évariste. Njia ilikuwa na madimbwi, nao walikuwa wakiachana na kukutana tena kila dimbwi. Kisha Émérence aliona kwamba kama hatasema sasa hatasema tena.

"Kuna neno ambalo sijawahi kukuambia, kwa sababu nilijua utasema sawa na rohoni utaumia. Sitaki kukaa nyumba moja na mama yako."

Midomo ya Basile ilianza kuunda lile neno lake la kila siku. Émérence aliiona, akangoja. Lakini Basile alisimama.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Hapana, sikubali. Mama yangu ni mujane. Alibeba samaki kichwani toka bandarini mpaka sokoni ili nisome. Sitamuacha akae peke yake kule mtaani kwetu Kataki, akafe siku moja na mimi nisikie kwa majirani. Huyo nitakaa naye."

"Yeye hanipendi. Umemuona sasa hivi, amenipita kama nguzo."

"Nimemuona. Nitasema naye leo hii, tena kwa ukali. Lakini kumufukuza, hapana."

"Nani alisema kumufukuza? Nimesema nyumba tofauti. Parseli moja ya ardhi, nyumba mbili, kila mutu na jiko lake. Wewe hunisikilizi, unajibu tu."

"Nakusikiliza. Na hizo nyumba mbili nitazijenga na nini?"

"Ungeniuliza. Nafundisha, nina mushahara, hata ukichelewa."

"Kwa hiyo utaendelea kufundisha?"

"Nitaendelea. Unakataa?"

"Hilo sikatai. Nakataa jiko mbili. Mama atasema tumemutenga."

"Na jiko moja atasema siwezi kupika."

"Kupika kwenyewe..." Basile aliponyokwa, akajizuia, halafu, kwa kuwa ilikuwa siku ya kusema, akamaliza. "Ule wali wa Pasaka, Émérence, ulikuwa mubichi. Nilikula sahani mbili nikasema mutamu."

Émérence alimtazama. Alitaka kukasirika, na alikasirika kweli, masikio yakapata moto. Lakini alipomwangalia usoni aliona kwamba Basile alikuwa ameinama mbele kidogo, kuelekea kwake, kipaji cha uso kimekunjamana, macho yanatafuta jibu lake kabla hajalisema. Hakumwona mtu mwenye adabu. Alimwona mtu aliyejitupa ndani ya mabishano mzimamzima.

Walifika kwenye lango la Papa Évariste bado wakibishana. Basile alisema jiko moja na meza mbili. Émérence alisema huo ni ujinga. Basile alisema basi alete mpango mzuri zaidi. Émérence alisema ataleta.

"Wajomba wangu waje kesho au wasije?" aliuliza Basile kwa sauti ya chini, na hapo ule woga wake wote ukarudi usoni.

Émérence alisogeza komeo la lango. Aliwaza yule mwanamke wa Uvira, aliyezima mtambo wake akakaa mbele ya chuma kimya, na wivu ukamchoma mara moja zaidi, mchomo mfupi.

"Waje," alisema. "Lakini usinisaidie mbele yao kwa kunyamaza."

Aliingia peke yake. Papa Évariste alikuwa amesimama barzani; alikuwa amesikia kelele tangu kona ya njia, na sasa alimtazama binti yake akipanda ngazi, mashavu yamelowa machozi, kitenge kimelegea.

"Nilisikia sauti," alisema mzee. "Ulimuomba kitu?"

"Nilimuomba, Papa."

"Amekubali?"

"Amekataa," alisema Émérence.

Akavuta kiti, akaketi karibu na baba yake, na mzee akashangaa kuona kwamba mtoto wake, huku anajifuta machozi, alikuwa anacheka.